Je, wajua kwa nini kwenye besiboli huwezi kupaki basi?

Juzi pale soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, tulikuwa watu wanne tumeinamia simu moja tukiangalia besiboli ya Marekani. Timu inaongoza 2-1, imebaki zamu ya mwisho, na mrushaji aliyewazima wapigaji tangu mwanzo anabadilishwa. Kijana mmoja mbeba magunia ya dagaa akang'aka: "Kocha gani huyu? Si wapaki basi tu!"

Kwa mtu wa soka ni swali la haki. Timu ikiongoza 1-0 dakika ya 85, tunajua kinachofuata: kipa analala chini kashikwa na msuli, beki anabutua mpira jukwaani. Besiboli haina dakika 90. Kila upande hupiga kwa zamu 9, na zamu haiishi mpaka watolewe wapigaji 3, yaani washindwe kupiga, mpira wao udakwe au wanaswe kabla ya kufika kituoni. Anayetaka kushinda lazima awatoe wapinzani mara 27, na hao wote warushiwe mpira. Ukiogopa ukarusha nje ya eneo la kupigia mara 4, mpigaji anakwenda kituo cha kwanza bure. Ukijivuta, ligi kuu ya Marekani ilishaweka saa mwaka 2023: sekunde 15 kama hakuna mpinzani aliyesimama kituoni, urushe.

Kwa hiyo pointi 1 ya ziada inalindwa na mkono wa mtu mmoja, aliyesimama mita 18.44 tu kutoka kwa mpigaji. Mpira wa kilomita 150 kwa saa unafika kabla ya nusu sekunde. Tatizo ni kwamba mpigaji anayekutana na mrushaji yuleyule kwa mara ya tatu ameshaanza kumsoma, na mkono wenyewe umechoka. Ndipo anaingizwa mtu mpya, ambaye kazi yake ni zamu moja na hana haja ya kubakiza nguvu.

Bingwa wa kazi hiyo ni Mariano Rivera wa Panama, aliyeichezea New York Yankees kuanzia 1995 hadi 2013 na kufunga kazi namna hiyo mara 652. Alitegemea karibu aina moja tu ya mrusho. Wapigaji waliujua, wakausubiri, na bado ukawavunjia magongo.

Nikachukua chungwa kuwaonyesha mrusho huo: vidole viwili juu, ukivisogeza pembeni kidogo tu. Mpira unatoka ukizunguka kimshazari, hewa inausukuma, na unachepuka umeshamkaribia mpigaji. Ni ndugu wa frikiki inayopinda, ila huu unapinda kidogo sana, na umechelewa. Hapo ndipo ubaya wake ulipo.

Nilipowaambia kwamba baba yake Rivera alikuwa mvuvi wa dagaa wa baharini, na kwamba mwanawe utotoni alidaka mpira kwa glavu ya boksi la maziwa, kijana wa magunia akaninyang'anya chungwa. Alirusha kweli. Likatua katikati ya turubai la dagaa, na mama mwenye mali akasimama, mkono kiunoni, akiuliza ni nani.