Chakula asilimia 28 tu? Jinsi ya kusoma matumizi ya kaya Tanzania

Katika kikapu kinachopima mfumuko wa bei Tanzania, uzito wa chakula na vinywaji visivyo na kilevi, yaani sehemu yake katika matumizi yote, ulikuwa asilimia 47.8 kwa mwaka wa kizio (mwaka wa msingi wa kulinganishia bei) 2010. Kizio cha Desemba 2015 kiliushusha hadi 38.5, na cha 2020 hadi 28.2. Wengi husema ni dalili kwamba kaya zimeinuka kimaisha. Mimi siisomi hivyo.

Uzito huo hupimwa kwa shilingi, si kwa vichwa. Kaya inayotumia milioni 3 kwa mwezi huvuta hesabu mara 15 ya kaya inayotumia laki 2. Ukitaka kumwona mwenye kipato cha chini, tazama mistari ya umaskini ya Tanzania Bara, yaani matumizi ambayo aliye chini yake huhesabiwa maskini, kwenye Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya. Mwaka 2017/18 mstari wa chakula ulikuwa shilingi 33,748 kwa mtu mzima kwa mwezi, na wa mahitaji ya msingi 49,320. Gawanya: chakula ni asilimia 68. Mwaka 2011/12 ilikuwa 26,085 kwa 36,482, yaani asilimia 71.5. Kwa miaka sita, pointi tatu tu.

Sasa toa chakula uone kinachobaki. Fungu la mkaa, sabuni, nauli, nguo na vocha limetoka 10,397 hadi 15,572, karibu nusu zaidi, wakati chakula kimepanda asilimia 29. Hapo ndipo mabadiliko yalipo, na hapazungumzwi vya kutosha.

Kabla ya kulinganisha miaka, angalia takwimu zilivyokusanywa. Kaya huandika manunuzi kwenye daftari kila siku: siku 28 mwaka 2011/12, siku 14 mwaka 2017/18. Daftari refu huchosha. Wiki za mwisho maandazi ya watoto na nauli ya bodaboda huanza kusahaulika, na matumizi huonekana madogo kuliko yalivyo. Kisha kuna vipimo. Mama akiandika "nyanya fungu 1, dagaa kopo 1, unga sado 1", mdadisi lazima ajue fungu la soko lile, msimu ule, lina gramu ngapi. Fungu la kiangazi na la masika bei yake inaweza kuwa ileile huku nyanya zikipungua. Asipopima, bei iliyopanda itaingia kwenye takwimu kama ulaji usiobadilika. Mahindi ya shambani kwako nayo yapewe thamani kwa bei ya soko la jirani, la sivyo mkulima ataonekana kama mtu asiyekula.

Mstari wa mahitaji ya msingi wa 2007, shilingi 13,998, ni wa siku 28, si mwezi, na njia ya kuukokotoa ilibadilishwa baadaye. Ukiuweka kando ya 36,482 ya 2011/12 utapata mara 2.6, namba isiyo na maana yoyote.

Na chipsi mayai ya kibandani au wali wa mama ntilie hauhesabiwi kwenye ile 28.2. Uko kwenye kundi la migahawa na malazi, lenye uzito wa 6.6. Ukijumlisha unafika 34.8, ingawa ndani yake mna gharama za nyumba za wageni.