Posh halikutoka kwenye tiketi ya meli

Hadithi ya asili ya neno posh ni tamu, na ndiyo maana inanisumbua ikirudiwa kama ukweli. Waingereza hulitumia neno hili kwa kitu cha kifahari au mtu wa tabaka la juu: hoteli ya posh, lafudhi ya posh. Husimuliwa kuwa ni herufi za mwanzo za "port out, starboard home", yaani kushoto wakati wa kwenda, kulia wakati wa kurudi. Matajiri waliosafiri kati ya Uingereza na India kwa meli za kampuni ya P&O walitaka vyumba vya upande usiochomwa na jua, na eti tiketi zao ziligongwa muhuri wa herufi hizo nne.

Basi tiketi yenyewe iko wapi? Haijapatikana hata moja. Tena Punch, jarida la vichekesho la Uingereza, lilichapisha kibonzo mwaka 1918 ambamo kijana mwanajeshi anamwambia mama yake kwamba walikuwa na wakati wa posh. Hapo meli haitajwi kabisa. Hadithi ya tiketi ilianza kuonekana katika maandishi miaka ya 1930.

Wataalamu hawajaafikiana kuhusu asili yake. Mimi naegemea Kiromani, lugha ya Waromani (jamii ya Ulaya yenye asili ya India, si watu wa Romania), ambamo posh ni nusu. Katika misimu ya London ya karne ya 19, posh ilikuwa nusu peni, kisha ikawa pesa kwa jumla. Kutoka pesa hadi mwenye pesa si mbali. Wakati huohuo, posh liliwahi pia kumaanisha mtanashati, mtu wa kujipamba.