Kuuandaa Mwili na Akili kwa Mashindano ya Kwanza ya Pawalifti

Mnyanyuaji anayepanda jukwaani kwa mara ya kwanza ni nadra kushindwa na uzito wenyewe. Katika shindano moja nililokaa kando ya jukwaa nikiwa mtaalamu wa fiziotherapia wa zamu, kijana mmoja alichuchumaa na chuma mabegani, akashuka kina cha kutosha, akainuka bila kutetemeka, kisha akasogea mbele hatua mbili na kukirudisha chuma kwenye stendi huku uso wake umejaa furaha. Taa tatu nyekundu zikawaka. Hakulielewa kosa lake hadi kocha alipomweleza kwamba mwamuzi mkuu alikuwa bado hajampa amri ya kukirudisha, na jaribio la pili akaliendea kwa hasira. Kilo zile alikuwa amezinyanyua mazoezini mara nyingi. Jambo ambalo hakuwahi kulifanya hata siku moja ni kusimama nazo mabegani akisubiri ruhusa ya mtu mwingine.

Kwa wasioufahamu mchezo huu, pawalifti si ule unyanyuaji wa Olimpiki ambamo chuma hupandishwa juu ya kichwa. Ni mchezo wa minyanyuo mitatu, yaani skwati (kuchuchumaa na kuinuka chuma kikiwa mabegani), benchi (kukisukuma chuma juu kutoka kifuani ukiwa umelala chali) na dedilifti (kukiinua kutoka sakafuni hadi usimame wima), na shirikisho lake la kimataifa linalojulikana zaidi, IPF, lilianzishwa mwaka 1972. Kila mshiriki hupewa majaribio matatu kwa kila mnyanyuo, na uzito bora wa kila mnyanyuo hujumlishwa. Waamuzi ni watatu, na jaribio hukubaliwa zikiwaka taa nyeupe mbili au tatu. Akikosa majaribio yote matatu ya mnyanyuo mmoja, mshiriki hana jumla tena, hata kama minyanyuo mingine miwili aliifanya vizuri kuliko wote. Ipo pia pawalifti ya watu wenye ulemavu, ambayo ni ya benchi pekee, na ndiyo iliyowafanya wengi wa Afrika Mashariki walisikie jina la mchezo huu pale Hellen Wawira Kariuki wa Kenya alipotwaa shaba katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Birmingham mwaka 2022.

Tuanze na amri, kwa kuwa ndizo zinazowaangusha wengi. Kwa kawaida hutolewa kwa Kiingereza, hivyo ni vyema masikio yazizoee kama zilivyo. Katika skwati, mshiriki hukitoa chuma kwenye stendi, hurudi nyuma, hunyoosha magoti na kutulia, ndipo mwamuzi mkuu hushusha mkono na kutamka "Squat". Akishashuka hadi mkunjo wa nyonga ukawa chini ya kilele cha goti, kisha akainuka, husimama tena imara mpaka asikie "Rack". Benchi ina amri tatu: "Start" mikono ikiwa imenyooka, "Press" chuma kikiwa kimetulia kifuani, na "Rack" mwishoni. Kule kutulia kifuani ndiko kunakowaumbua wengi, maana jimuni tumezoea kukidundisha chuma kifuani na kukirusha juu, na mtu anayejigamba kwa kilo 100 za kudundisha anaweza kukuta kilo 90 za kutulia zikimtoa jasho. Dedilifti haina amri ya kuanza. Ina moja tu ya mwisho, "Down", ambayo hutolewa mshiriki akiwa amesimama wima, magoti yamenyooka na mabega yamerudi nyuma, na hapo chuma husindikizwa hadi chini kwa mikono yote miwili, kwa kuwa kukiachia kidondoke ni kosa linaloweza kufuta jaribio zima.

Kwa sababu hiyo, angalau wiki nane kabla ya shindano, mtafute mwenzako wa mazoezi asimame mbele yako akitoa amri hizo, na mara nyingine azicheleweshe makusudi kwa sekunde mbili au tatu. Mwingine akurekodi kwa simu kutoka ubavuni, simu ikiwa usawa wa nyonga, kwa kuwa ikiinuliwa au ikishushwa sana hudanganya kuhusu kina. Video ile itazame pamoja na mtu asiyeogopa kukuudhi.

Liko jambo jingine linalowahusu hasa wanaofanyia mazoezi katika jimu za mitaani, ambako uzito ni makopo ya rangi yaliyojazwa zege na kuunganishwa kwa bomba la chuma. Sina neno baya juu ya vifaa hivyo, kwani vimejenga miili mingi yenye nguvu, lakini vinamnyima mshiriki taarifa anayoihitaji kuliko zote, nayo ni kiasi halisi anachonyanyua. Kopo likipelekwa kwenye mizani ya duka la nafaka, mara nyingi makopo mawili yanayodhaniwa kuwa sawa hutofautiana kwa kilo kadhaa. Hata pleti za dukani, yaani sahani za uzito zinazovishwa kwenye chuma, zinahitaji kuangaliwa, kwa sababu nyingi za mitumba zimeandikwa ratili, na ile ya ratili 45 ina kilo 20.4, hivyo pleti nne za namna hiyo huongeza zaidi ya kilo moja na nusu usiyoihesabu. Chuma cha mashindano huwa na kilo 20, na vibanio vyake vya kuzizuia pleti zisichomoke kilo 2.5 kila upande, maana yake hata bila pleti yoyote tayari ni kilo 25. Tafuta nafasi ya kukishika chuma halisi japo mara mbili kabla ya siku yenyewe, kwani michirizi yake hukwaruza viganja kwa namna ambayo bomba laini haliwezi kukuzoesha.

Wiki mbili za mwisho hazijengi nguvu mpya. Kazi yake ni kuuondoa uchovu unaoificha nguvu iliyokwisha kujengwa. Katika ushauri ninaoutoa, dedilifti nzito ya mwisho hufanywa siku 10 hadi 14 kabla ya shindano, skwati nzito siku 7 hadi 10, na benchi siku 5 hadi 7, kwa sababu mgongo na miguu huchelewa kupona kuliko kifua na mikono. Baada ya hapo idadi ya seti hupunguzwa karibu nusu, na wiki ya mwisho mtu hunyanyua uzito mwepesi kiasi cha kuukumbusha mwili njia yake. Wapo wanaojipima nguvu zote siku ya Jumatano kwa ajili ya shindano la Jumamosi, wakitafuta uhakika, na wanaoupata uhakika huo huwa wameutumia kabla ya siku yake. Usingizi nao uangaliwe mapema, kwa kuwa usiku wa kuamkia shindano wengi hulala kwa kugeukageuka, na akiba ya wiki nzima ndiyo itakayowabeba.

Uzito wa kuanzia ni uamuzi mzito kuliko mshiriki mgeni anavyodhani. Sheria hairuhusu kushuka, hivyo ukianza na uzito ukashindwa, utaurudia uleule au utapanda. Anza na uzito ambao ungeweza kuunyanyua mara tatu mfululizo siku ambayo umelala vibaya na una mafua. Tuseme skwati yako bora ya kina kamili mazoezini ni kilo 140: jaribio la kwanza liwe 125, la pili 132.5, na la tatu 140 au 142.5 kulingana na kocha alivyoliona la pili. Uamuzi huo wa tatu ni wa kocha kwa sababu mnyanyuaji mwenyewe, damu ikiwa imechemka, huona kila kitu ni chepesi. Baada ya kila jaribio kuna dakika moja tu ya kutaja uzito unaofuata, muda usiotosha mabishano, kwa hiyo mipango iandikwe kwenye karatasi usiku uliotangulia.

Kuhusu uzito wa mwili, msimamo wangu ni mmoja: katika shindano la kwanza usijikamue maji ili uingie kategoria ya chini. Kukimbia ukiwa umevaa koti la plastiki katika joto la Dar es Salaam au Mombasa kunaweza kukufikisha hospitali kabla ya jukwaani, na kwa kanuni za IPF upimaji wa uzito huanza saa mbili tu kabla ya shindano, muda usiotosha kuyarudisha maji yote yaliyopotea. Kula ulichozoea, iwe uji, chapati, wali au ndizi, na ubebe chakula na maji ya kutosha, kwani shindano linaweza kuchukua nusu siku. Vinywaji vya kuongeza nguvu ambavyo hujawahi kuvinywa viache dukani.

Mwenye shinikizo la damu amwone daktari mapema, kwa sababu kubana pumzi chini ya uzito mkubwa hulipandisha shinikizo kwa ghafla. Daktari huyo aambiwe pia kwamba utashindana. Baadhi ya dawa za shinikizo, hasa zile za kuongeza mkojo, zimo katika orodha ya vitu vilivyokatazwa na WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa zilizopigwa marufuku michezoni, na mgonjwa halali huhitaji idhini ya matumizi ya kitabibu, ambayo huombwa mapema. Poda na dawa za mitishamba zisizojulikana zilivyochanganywa ni hatari kwa namna hiyohiyo, kwani mwanamichezo huwajibika kwa chochote kinachokutwa mwilini mwake.

Hofu nayo haina budi kutarajiwa. Moyo utadunda, viganja vitalowa, na haja ndogo itakuita kila baada ya dakika kumi. Hayo yote ni mwili unaojiweka tayari, na nguvu nyingi hutoka humohumo. Hatari yake ni kwamba usikivu hufinyika, na mtu aliyekodolea macho chuma hasikii amri. Dawa yake ni utaratibu mmoja usiobadilika, unaofanywa kila siku ya mazoezi: chaki, mkanda, pumzi mbili za kutoa taratibu, macho kwa mwamuzi, ndipo mikono iguse chuma. Wengine hupenda kupigwa makofi mgongoni na kupaza sauti. Sikatazi, ila kwa mgeni naona faida yake huishia kwenye jaribio la kwanza, na dedilifti, ambayo ni ya mwisho, iko mbali bado.

Siku yenyewe, kosa la kawaida ni kupasha misuli mapema mno. Kila jaribio huchukua takriban dakika moja, hivyo katika kundi la watu 12 hesabu dakika 12 kwa kila mzunguko, kisha urudi nyuma kwa hesabu hiyo ili seti yako ya mwisho ya kupasha iishe kama dakika 8 hadi 10 kabla ya kuitwa. Ukiitwa na chuma kikiwa tayari, unayo dakika moja ya kuanza. Inatosha kutembea.

Maumivu ya misuli ya siku mbili au tatu baada ya shindano ni ya kawaida. Yale ya kiungo yanayozidi wiki, ganzi inayoteremka mguuni, au bega lisiloinuka yaletwe kliniki, na mgonjwa aje na video ya jaribio lililomuumiza kama anayo.