Stelingi Analia, Halafu Anapiga: Dhana Potofu Kuhusu Urafiki wa Wanaume Kwenye Picha la Kihindi

Waliokulia kwenye vibanda umiza wanaijua dakika ile. Stelingi kapigwa, shati limechanika, adui anacheka na genge lake. Mara muziki unaanza, na madume mawili yaliyokuwa yakirusha ngumi sasa hivi yanakumbatiana na kuimbiana. Nusu ya watazamaji wanapiga makofi. Nusu nyingine wanatoka kununua karanga.

Hao wa karanga ndio nina mazungumzo nao.

"Nyimbo na machozi ni kujaza muda. Picha lenyewe ni ngumi."

Haya, chukua Sholay, picha lililotoka tarehe 15 Agosti 1975 na kuonyeshwa zaidi ya miaka mitano mfululizo katika ukumbi wa Minerva, Bombay. Ondoa nyimbo, ondoa utani, ondoa kila mahali ambapo Jai na Veeru hawapigani na mtu. Kinachobaki ni wahuni wawili waliokodiwa na ofisa wa zamani wa polisi wamkamate jambazi aitwaye Gabbar Singh. Ni kibarua, na kwa kibarua hakuna mtu anayetoa roho yake.

Sababu ya kutoa roho inajengwa wakati wewe uko kwenye karanga. Inajengwa juu ya pikipiki yenye kigari cha pembeni, wawili hao wakiimba kwamba urafiki huu hawatauvunja. (Sauti ni za Kishore Kumar na Manna Dey. Dharmendra na Amitabh Bachchan walifumbua midomo tu, ingawa kuna watu mtagombana nao ukiwaambia hivyo.) Inajengwa pia pale Jai anapokwenda kumposea Veeru kwa mama mdogo wa Basanti, msichana anayependwa na Veeru. Anamsifu rafiki yake kwa sura ya upole kabisa, na kila sifa inatoa aibu mpya: kumbe bwana harusi anacheza kamari, na kamari yenyewe ni kwa sababu ya pombe. Mshenga wa namna hiyo hata adui yako usimwombee. Lakini ni nani anayeweza kukuharibia posa kwa raha kiasi hicho, kama si mtu aliyelala nawe jela moja na kula nawe sahani moja?

Kisha kuna sarafu. Wakishindwa kukubaliana, Jai hurusha sarafu yake. Karibu na mwisho, darajani, risasi zinakwisha na majambazi wanakuja. Mmoja lazima abaki kuwazuia, mwingine akimbie kijijini kuleta risasi. Sarafu inarushwa, Jai anabaki. Veeru anaporudi, rafiki yake anamfia mikononi, na hapo ndipo anapoigeuza ile sarafu na kukuta pande zote mbili ni kichwa. Kumbe Jai hakuwa akibahatisha. Alikuwa akiamua, halafu akiisingizia bahati ili mwenzake asipate nafasi ya kubisha.

Ngumi ambazo Veeru anampiga Gabbar baada ya hapo hazimo katika malipo ya kibarua. Aliyekwenda karanga ataziona kali. Aliyebaki ndani atajua zilikotoka.

"Mwanaume akitoa machozi, ushujaa umekwisha."

Sisi tumelelewa na neno "jikaze", kwa hiyo machozi ya stelingi yanatuchekesha. Tunadhani mtunzi amekosea mizani. Lakini mizani yao ni ya zamani na ina kitabu. Natyashastra, andiko la kale la Kisanskriti kuhusu sanaa ya jukwaa ambalo jadi inalihusisha na mwenye hekima Bharata, linataja rasa nane, yaani ladha nane ambazo mtazamaji anatakiwa kuzionja. Ushujaa umo, na hasira imo, na huzuni nayo imo. Na andiko hilo halikuziweka ladha hizo zikae mbalimbali: linasema wazi kwamba huzuni huzaliwa na hasira. Picha la mapigano lisilo na kilio, kwa jicho hilo, ni pilau lisilotiwa bizari. Si bure kwamba wenyewe huziita filamu hizi za mchanganyiko "masala".

Angalia Zanjeer ya mwaka 1973, picha lililompa Amitabh Bachchan jina la kijana mwenye hasira. Watu wanamkumbuka inspekta Vijay kama mtu baridi, mpweke, asiyecheka na yeyote. Ni kweli hacheki. Lakini picha hilohilo limempa Sher Khan, Mpathani (mtu wa kabila la mpakani mwa Afghanistan) mwenye nyumba ya kamari, aliyeigizwa na Pran ambaye kwa miaka mingi watazamaji walimzoea kama adui. Vijay anavua sare na kwenda mtaani kwake wapigane mtu kwa mtu. Wanapigana, wanaheshimiana, na Sher Khan anaacha kamari. Baadaye, Vijay anapokuwa amezama katika majonzi, Sher Khan anaandaa tafrija nzima na kumchezea ngoma ili tu atabasamu. Mtu mzima, kifua kama mlango, anahangaika kumchekesha mwanaume mwenzake.

Wimbo wa hapo ni Yaari Hai Imaan Mera, na msemaji wa Kiswahili hahitaji mkalimani kwa neno la katikati. Imaan ni imani yetu hiihii, sote tumelitoa kwa Waarabu. Sher Khan anasema urafiki ndiyo imani yake. Hilo ni neno zito kutamkwa na Mpathani Mwislamu mbele ya rafiki yake wa dini nyingine, tena katika nchi iliyogawanywa kwa damu mwaka 1947 kuwa India na Pakistan. Watazamaji wa Bombay walilisikia uzito wake.

Na tukiwa kwenye maneno: kuna picha la mwaka huohuo liitwalo Namak Haraam. Haraam ni haramu. Namak ni chumvi. Ni jina la mtu aliyekula chumvi yako kisha akakusaliti. Kwetu aliyekula chumvi nyingi ni mzee. Kwao, ukila chumvi ya mtu umeshafungwa naye.

"Haya yote wameiga Hollywood."

Bunduki, farasi, vilima vya mawe na kofia, hapo sibishi. Sholay lilichota waziwazi kwenye mapicha ya kauboi, na kwenye ya wapiga upanga wa Kijapani pia. Urafiki wenyewe haukuchotwa huko.

Katika Mahabharata, utenzi wa kale wa India, shujaa Karna anadharauliwa mbele ya kadamnasi kwa kuwa amelelewa na mwendesha gari la farasi. Duryodhana peke yake anasimama na kumpa ufalme wa Anga papo hapo. Miaka inapita, vita vinakaribia, na Karna anaambiwa siri: hao anaokwenda kupigana nao ni ndugu zake wa tumbo moja. Habadili upande. Anajua kabisa Duryodhana hana haki, na bado habadili. Mwaka 1991 mwongozaji Mani Ratnam aliichukua hadithi hiyo na kuitia katika mitaa ya Tamil Nadu kwenye picha liitwalo Thalapathi. Rajinikanth ndiye Karna, Mammootty ndiye Duryodhana, na ndugu aliye upande wa pili ni ofisa wa serikali. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, tunasema sisi. Karna anaongeza swali gumu: na huyo aliyekufaa kwa dhiki akiwa mkosaji je?

Hata kabla ya ngumi kutawala, sinema ya India ilishaujua urafiki huu. Picha liitwalo Dosti, la mwaka 1964, ni la vijana wawili maskini, mmoja kiwete na mwingine kipofu. Halina nyota mkubwa, halina bunduki. Lilichukua tuzo ya Filmfare ya picha bora mbele ya Sangam, picha la Raj Kapoor lililosheheni nyota.

"Wakishikana mikono hivyo, basi kuna jambo."

Dhana hii ni ngeni hata kwetu. Vijana wa Kihindi hutembea mtaani wameshikana vidole au wamewekeana mikono mabegani, na mtu wa Lamu au Unguja aliyezoea kuona marafiki wakishikana mikono hana haja ya kuelezwa hilo. Wapo wanaouona ndani ya mapicha haya upendo wa namna nyingine, na watunzi wenyewe wameshalifanyia mzaha: mwaka 2008 lilitoka picha la vichekesho liitwalo Dostana, wanaume wawili wakijisingizia kuwa wapenzi ili wapate nyumba ya kupanga. Lakini mkono begani, peke yake, ni mkono begani.

"Kila picha la Kihindi ni Bollywood."

Kosa hili limesaidiwa na Kiswahili chetu. "Kihindi" ni lugha moja, na pia ni kila kitu kitokacho India. Thalapathi ni la Kitamil. RRR, picha nitakalolifikia mbele, ni la Kitelugu. Bollywood ni sinema ya Mumbai, ile Bombay ya zamani.

"Stelingi hafi."

Jai alikuwa stelingi, na alikufa. Vijay wa Deewaar, mwaka huohuo wa 1975, alikufa kifuani mwa mama yake hekaluni. Kuhusu Jai, mimi nina shaka yangu ya siku nyingi. Alikuwa ameanza kumpenda Radha, mjane anayeishi nyumbani kwa yule ofisa wa zamani wa polisi, na ofisa huyo, mkwewe, alikuwa tayari aolewe tena. Picha lingeweza kutuonyesha harusi hiyo. Badala yake risasi ilimaliza mjadala, na Radha akafunga dirisha. Kifo cha rafiki kinaliza, lakini wakati mwingine pia kinamwokoa mtunzi asiingie mahali ambapo jamii bado haijataka kuingia.

"Mwanamke ndiye mvunja urafiki."

Hapa dhana ina mguu mmoja ndani ya ukweli, maana mapicha yenyewe ndiyo yaliyoieneza. Katika Sangam, Gopal na Radha (si yule wa Sholay) wanapendana, lakini Gopal anamwachia rafiki yake Sundar kimyakimya, na kila mtu ukumbini anafuta machozi kwa ukarimu wake. Tazama tena polepole. Radha hakuulizwa. Kilichoharibu mambo ni wanaume wawili wenye uwezo wa kuimba kila kitu isipokuwa kuambiana ukweli. Hisia nyingi hazimaanishi mazungumzo mengi, na hilo ni doa ambalo sinema hii imelibeba kwa miongo.

"Hayo ni ya zamani. Siku hizi kumebaki misuli."

Misuli imeongezeka, sikatai. Lakini RRR la S.S. Rajamouli, la mwaka 2022, lina misuli kuliko yote niliyoyataja, na ni picha la urafiki kutoka mwanzo hadi mwisho. Alluri Sitarama Raju na Komaram Bheem walikuwa watu kweli waliopambana na watawala wao, mmoja akauawa mwaka 1924, mwingine mwaka 1940. Urafiki wao ni wa kubuni. Rajamouli aliwakutanisha kwa hiari yake, akamvika Raju sare ya polisi wa Mwingereza na kumficha Bheem, mtu wa kabila la Wagondi wa msituni, kwa jina la Kiislamu, Akhtar. Kuna mahali Raju analazimika kumchapa Bheem mijeledi mbele ya umati ili apige magoti. Bheem hapigi magoti, anaimba. Anayetokwa na machozi ni mwenye mjeledi.

Ila dunia inalikumbuka picha hilo kwa Naatu Naatu, ule wimbo wa M.M. Keeravani na Chandrabose uliochukua Oscar mwezi Machi 2023. Ngoma ile ilipigiwa picha mbele ya kasri la Mariinskyi, Kyiv, mwaka 2021. Watu wanaona miguu inavyokwenda kasi, suruali na mikanda, vumbi likitimka. Waliokwenda karanga wanarudi hapo, maana hii angalau ina nguvu. Wazungu wameanguka mmoja mmoja, wamebaki Raju na Bheem peke yao, hakuna anayetaka kushindwa. Kisha Raju anageuza macho na kumwona Jenny, yule binti wa Kiingereza ambaye Bheem anampenda na hajui amwambieje. Jenny anamshangilia Bheem. Raju anajifanya mguu umeteguka, anakwenda chini, na Bheem anabaki amesimama peke yake, mshindi, hajui lolote.