Je, wajua? Metallica walikuwa na mashabiki mpaka New York na Ulaya kabla hawajatoa albamu hata moja

Ukiona Metallica, bendi ya Marekani ya heavy metal (rock nzito ya magitaa), wanavyojaza viwanja leo unaweza kudhani redio na TV ndo ziliwapaisha. Hapana, mwanzoni mwa miaka ya 80 redio kubwa za Marekani hazikuwa na habari nao kabisa. Kilichowapaisha ni kaseti, kaseti hizi hizi tulizokuwa tunazungusha kwa kalamu ya Bic ili tusimalize betri, pamoja na stempu za posta.

Tuanze na Lars Ulrich, mpiga drams, maana bila yeye hii stori haipo. Ni mtu wa Denmark, alihamia Los Angeles mwaka 1980 akiwa na miaka 16, baba yake Torben alikuwa mchezaji tenisi na yeye alitegemewa afuate njia hiyo hiyo, ila kichwani kwake zilijaa bendi za Uingereza tu, lile wimbi jipya la heavy metal la kina Iron Maiden, Saxon na Diamond Head. Los Angeles kuzipata santuri za bendi hizo ilikuwa shughuli, zinakuja chache kwenye maduka yanayoagiza nje, kwa hiyo wenye ugonjwa huo walijuana karibu wote. Mwaka 1981 dogo akafunga safari mpaka Uingereza kuwaona Diamond Head jukwaani, akaishia kulala nyumbani kwao! Aliporudi, yeye na James Hetfield aliyempata kwa tangazo la gazetini wakaanzisha Metallica.

Julai 1982 wakarekodi demo (rekodi ya majaribio) ya nyimbo 7, No Life 'til Leather. Haikuwa na lebo (kampuni ya kutoa muziki) wala duka la kuiuza, walichofanya ni kunakili kaseti na kuwapa washkaji, na washkaji nao wakanakili.

Sasa hapa ndo patamu. Kulikuwa na mtandao mzima wa vijana wanaobadilishana kaseti kwa posta, Marekani, Uholanzi, Ujerumani, Brazil mpaka Japani, na wengi hawajawahi kuonana kwa macho. Anwani unaipata kwenye vijarida vya mashabiki, vile vya kupiga taipu halafu unatoa fotokopi, unamwandikia mtu barua pamoja na orodha ya kaseti ulizonazo, yeye anakutumia yake, mnachaguliana, kila mtu anarekodi mzigo wa mwenzie anapeleka posta. Hakuna hela inayopita hapo. Na kurekodi ni kwa muda ule ule wa muziki, kaseti ya dakika 90 inakula dakika 90 zako, kwa hiyo mtu mwenye marafiki wa kalamu ishirini jioni zake zote zimeisha kwenye deki. Halafu kila kopi inapoteza kidogo, ile "shhhh" ya nyuma inaongezeka, kopi ya kopi ya kopi gitaa linasikika kama liko chumba cha pili, ndo maana aliyekuwa na kopi iliyotoka karibu na bendi yenyewe aliheshimika sana. Wengine walikuwa wanapaka gundi juu ya stempu, rafiki akiipokea anaosha, muhuri unatoka na gundi, stempu inatumika tena. Posta walikuwa wanaibiwa pale, lakini hao ni watoto wa shule na kutuma kifurushi ng'ambo sio bei ndogo.

Demo ya Metallica ilipita humo kwa kasi ya ajabu, maana muziki wa kasi ile haukuwepo dukani. Kopi moja ikafika New Jersey, kwenye kibanda cha santuri ambacho Jon Zazula na mkewe Marsha walikuwa nacho ndani ya soko la mitumba. Zazula aliisikia tu akachanganyikiwa, akawatafuta na kuwatumia hela wavuke Marekani nzima, na mwaka 1983 wakafika New York. Hapo hapo wakamfukuza mpiga gitaa wao Dave Mustaine, wakampandisha basi kurudi California (akaenda kuanzisha bendi ya Megadeth), wakamleta Kirk Hammett kutoka bendi ya Exodus. Lebo kubwa zote zikawakataa, basi Zazula na Marsha wakaanzisha yao, Megaforce, na Julai 1983 ikatoka albamu yao ya kwanza, Kill 'Em All. Nyimbo zote 7 za demo zimo, yaani mashabiki wa kaseti walikuwa wameshazikariri.

Mwaka huo huo, Novemba, bendi ya Quiet Riot walishika namba 1 Marekani na albamu yao Metal Health, na hiyo ndo inahesabiwa kuwa albamu ya kwanza ya heavy metal kufika pale, ila wao walibebwa na video za MTV. Metallica hawakuwa na video kabisa! Albamu yao Master of Puppets ya 1986 iliuza zaidi ya nakala laki tano Marekani kabla mwaka haujaisha, bila video na redio ikiwapiga kwa nadra, na video yao ya kwanza, ya wimbo One, ilikuja 1989.

Kinachoniuma ni kwamba kipindi hicho hicho makampuni ya muziki Uingereza yalikuwa na kampeni kwamba kurekodi kaseti nyumbani kunaua muziki. Kwa wanamuziki wakubwa labda, sibishi, ila kwa hawa wa chini kaseti ndo ilikuwa redio yao. Waulize bendi ya Sepultura wa Belo Horizonte, Brazil, mbali kabisa na lebo zote hizo. Nao walikuwa ndani ya mtandao ule ule wa posta, na mwishowe mwimbaji wao Max Cavalera akapanda ndege mpaka New York na kazi zao mkononi kuzigawa kwa lebo, Roadrunner wakawasaini, na mwaka 1989 albamu yao Beneath the Remains ikatoka ikauzwa dunia nzima.