Taswira katika uandishi: hisi kwanza, tamathali baadaye

Taswira ni picha inayomjia msomaji akilini kwa nguvu ya maneno matupu. Katika insha ya maelezo hujengwa kwa vitu viwili: maelezo yanayogusa milango mitano ya fahamu (macho, masikio, pua, ulimi na ngozi), na tamathali za semi kama tashbihi, sitiari na tashihisi. Wanafunzi wengi wa sekondari hapa Uganda huzikariri tamathali kwa majina na mifano, kisha wakazimwaga kwenye insha kabla hawajaonyesha kitu chenyewe. Insha inajaa mapambo, msomaji haoni lolote. Hisi ndizo zitangulie.

Chukua sentensi hii kuhusu rolex, yaani chapati iliyoviringishwa pamoja na mayai ya kukaanga: "Jioni kando ya barabara huuzwa rolex tamu za kupendeza." Maneno "tamu" na "za kupendeza" ni hukumu ya mwandishi, msomaji hakupewa ushahidi. Sasa isogelee sigiri:

"Mpishi anapasua mayai mawili kwenye kikombe cha plastiki, anatia nyanya, kitunguu na chumvi kidogo, kisha anayapigapiga kwa uma. Yakimiminwa kikaangoni, mafuta yanalia chwaaa. Kitunguu kinanukia, moshi wa makaa unawasha macho. Chapati inalazwa juu ya yai, inageuzwa, inaviringishwa. Gazeti lililoifunga linaloa mafuta, na joto linapenya hadi kiganjani."

Hapa hakuna aliyesema chakula ni kitamu, lakini mate yanajaa. Macho, masikio, pua na ngozi vimepata kazi. Ulimi umeachwa makusudi kwa sababu mnunuzi hajala bado. Si lazima hisi zote tano ziingie katika kila aya. Mbili au tatu zilizochaguliwa vizuri zinatosha, na ukilazimisha zote aya inakuwa orodha.

Mpangilio nao una maana. Amua kwanza mtazamaji amesimama wapi. Anayeliendea soko la Owino jijini Kampala hupokewa na kelele za wauzaji kabla hajaona bidhaa. Akiingia ndani, pua inapata harufu. Akifika mezani ndipo macho yanapoona rangi na mkono unapogusa kitambaa. Ukianza na kitambaa kisha ukarudi kwenye kelele za mbali bila sababu, msomaji anapotea njia.

Kosa jingine la kawaida ni "niliona", "nilisikia", "nilihisi" kila mstari. Vitenzi hivyo vinamweka mwandishi mbele ya kitu. Badala ya "Nilisikia mvua ikipiga bati", andika "Mvua ilipiga bati".

Katika sauti Kiswahili kimejaliwa sana, na inasikitisha kuona utajiri huu ukiachwa. Tanakali za sauti, yaani maneno yanayoiga sauti au hali ya tendo, hutofautisha mambo ambayo kitenzi peke yake hakiyatofautishi: mtu huanguka majini chubwi, matopeni tapwi, mchangani tifu. Neno moja linaleta sauti na pia mahali alipoangukia. Nyingine huimarisha sifa: kimya jii, giza totoro, mweusi tititi. Anayezungumza Luganda anaijua mbinu hii tayari, maana husema mweusi zigizigi na mweupe tukutuku. Angalizo: kila tanakali ina mwenzake. Mtu haanguki mchangani chubwi, na giza haliwi jii.

Kitu kikishaonekana, tamathali iletwe. Tashbihi hulinganisha kwa "kama" au "mithili ya"; sitiari huondoa kiungo hicho na kusema kitu ni kingine; tashihisi hukipa kisicho na uhai tendo la kiumbe, kama mafuta "yanayolia" pale juu. Tashbihi nzuri humpeleka msomaji kwenye kitu anachokijua. "Mweupe kama theluji" haimwonyeshi kitu mwanafunzi wa Soroti, ingawa theluji ipo nchini, juu kabisa Rwenzori kwenye kilele cha Margherita chenye mita 5,109. "Mweupe kama pamba" anaielewa, ila imechakaa kiasi kwamba macho huipita bila kuona chochote. Tafuta inayotoka mahali unapopaeleza. Utomvu wa fenesi unaonata vidoleni hata baada ya sabuni unaweza kumfaa mdai asiyebanduka mlangoni.

Tamathali mbili zikigombania kitu kimoja, zote zinakufa. "Umati ulikuwa bahari iliyovuma kama nyuki" humtaka msomaji aone maji na wadudu kwa pamoja. Chagua moja. Kwa aya ya sentensi sita, tamathali moja yenye nguvu inatosha kabisa, nayo iwekwe penye jambo kuu la aya, si penye pambo la pembeni.

Yapo pia maandishi yanayotaka hisi bila tamathali. Ripoti ya jaribio la kemia lazima itaje rangi ya mmumunyo na harufu ya gesi. Sitiari humo inampotosha msomaji.