Kura ya maoni ni nini, na mbona ikipita watu hubaki wamenuniana?

Ukikaa barazani Mombasa jioni, kikombe cha kahawa mkononi, na mtu akataja "kura ya maoni", itakubidi umuulize anasema ipi. Neno hili moja limebeba maana tatu. Kampuni za utafiti zikipigia watu simu kuwauliza watamchagua nani, magazeti husema kumefanywa kura ya maoni. Ndugu zetu wa Tanzania wakisema "kura za maoni" mara nyingi wanakusudia mchujo wa ndani ya chama, ule ambao sisi Kenya twauita kura ya mchujo. Ya tatu ndiyo ninayotaka kuieleza hapa: dola kuwauliza wapiga kura wote swali moja, wakalijibu siku moja, na jibu la wengi likafuatwa. Mitaani wengi huiita referendamu.

Tangu katiba ianze kupiganiwa upya, Kenya imepiga kura ya namna hiyo mara mbili tu, 2005 na 2010. Kijana aliyezaliwa 2005, mwaka wa Ndizi na Chungwa (alama za kura ile), leo ana kitambulisho na ana kura, lakini jambo lenyewe hajalishuhudia akiwa na umri wa kulipima. Ndiyo maana wanasiasa wakianza kuzungumzia kubadilisha katiba, vijana mtaani kwetu huuliza: hii na uchaguzi zatofautianaje, na mbona watu wazima wakiisikia huguna?

Katika uchaguzi unamchagua mtu, na mtu ana muda wake. Asipokufaa, baada ya miaka mitano unamrudisha nyumbani. Katika kura ya maoni unaamua jambo, na jambo halina muhula. Likipita, wewe uliyelikataa utaishi ndani yake sawasawa na aliyelitaka, na pengine wajukuu zako pia. Aliyeshindwa uchaguzi hujipanga upya. Aliyeshindwa kura ya maoni haoni siku ya marudio, na hapo ndipo kinyongo hupata pa kukaa.

Sheria yenyewe haina ugumu. Kifungu cha 255 cha Katiba ya Kenya kinataja mambo yasiyoguswa bila wananchi kuulizwa: ukuu wa katiba, mipaka ya nchi, mamlaka ya wananchi, Sheria ya Haki, muhula wa rais, uhuru wa mahakama, muundo wa ugatuzi na mengine machache. Mabadiliko hupita yakiungwa mkono na zaidi ya nusu ya waliopiga kura, mradi angalau asilimia 20 ya waliosajiliwa wawe wamejitokeza katika kila moja ya kaunti zisizopungua nusu ya kaunti zote, yaani 24. Mwananchi naye anaweza kuianzisha safari hiyo akikusanya sahihi milioni 1 za wapiga kura. Wengi wameishia njiani. Kampeni ya Okoa Kenya ilikosa idadi ya sahihi mwaka 2016. Ile ya Punguza Mizigo iliipata mwaka 2019, ila mswada wake ukakwama kwenye mabunge ya kaunti. BBI nayo, mpango wa kubadilisha katiba uliotokana na Rais wa wakati huo, Uhuru Kenyatta, na mpinzani wake Raila Odinga kupeana mikono Machi 2018, ilisimamishwa na Mahakama Kuu Mei 2021, na Mahakama ya Juu ikaifunga njia Machi 2022.

Ugumu uko kwenye karatasi ya kura. Katiba ni kitabu kizima: mna ardhi, mna mahakama, mna madaraka ya rais, mna haki za wanawake, mna fedha za mikoa. Mpiga kura hapati nafasi ya kusema sura hii naitaka, ile siitaki. Anapewa visanduku viwili. Mambo mia yanakunjwa mpaka yaenee ndani ya neno moja, "ndiyo" au "la", kisha neno hilo linahesabiwa kana kwamba wote walioliandika walikuwa na nia moja.

Mwaka 2005 tuliliona hilo kwa macho. Rasimu iliyoandikwa na wajumbe pale Bomas, Nairobi, ilikuwa imefanyiwa mabadiliko na wabunge, baadhi yake katika kikao cha hapa kwetu Kilifi, kisha ikapita mikononi mwa Mkuu wa Sheria, Amos Wako. Tume ya Uchaguzi ikatoa alama mbili ili hata asiyejua kusoma aweze kupiga kura: ndizi kwa wanaokubali, chungwa kwa wanaokataa. Nia ilikuwa njema. Lakini ndani ya wiki chache hakuna aliyekuwa akijadili rasimu. Watu walikuwa Ndizi au Chungwa, kama vile mtu awavyo wa kabila au wa mtaa fulani. Nakumbuka sokoni Kongowea kununua kichane cha ndizi kulitosha kuitiwa jina. Ndizi alikuwa Rais Mwai Kibaki na watu wake. Chungwa alikuwa Raila Odinga na mawaziri wenzake walioasi, pamoja na chama cha upinzani cha KANU. Mtu aliyeshika chungwa kwa sababu ya kifungu kimoja alijikuta amesimama nyuma ya mwanasiasa ambaye hata hakuwa akimpenda.

Nyumbani kwetu marehemu baba alikuwa Ndizi. Ami, mdogo wake, alikuwa Chungwa. Walikuwa wakiswali msikiti mmoja na kunywa kahawa kwa muuzaji mmoja. Mwezi wa Ramadhani wa mwaka ule, futari iliyokuwa ikiliwa kwa pamoja ililiwa mbalimbali.

Tarehe 21 Novemba 2005 Chungwa lilishinda kwa takriban asilimia 58, na katika mikoa minane lilishindwa mmoja tu, wa Kati. Pwani ilisema la kwa sauti kubwa. Kibaki alikubali matokeo, na hilo nampa haki yake, kwa kuwa si serikali nyingi zinazoshindwa kwa kura zao wenyewe zikatulia. Lakini siku mbili baadaye alilivunja baraza lote la mawaziri, na alipoliunda tena viongozi wa Chungwa hawakuwamo. Kambi iliyokusanyika kwa ajili ya kukataa rasimu ikageuka chama, ODM, na alama yake ikabaki chungwa lile lile. Mstari uliochorwa kwa ajili ya swali moja ndio uliotumika tena uchaguzi wa Desemba 2007. Sitasema kwamba kura ya maoni ndiyo iliyowaua watu zaidi ya 1,000 mwanzoni mwa 2008 na kuwang'oa mamia ya maelfu majumbani mwao. Sababu zilikuwa nyingi, na kuhesabiwa vibaya kwa kura za urais ni moja kubwa. Ninachosema ni kwamba watu walipofika 2007 walikuwa washagawanywa, washapewa alama, na miaka miwili hakuna aliyewaita kukaa pamoja. Hapa Mombasa tuliona maduka yakivunjwa, na malori ya kwenda Uganda yakikwama na mizigo.

Waswahili tuna msemo, wengi wape, usipowapa watatwaa wenyewe. Wanasiasa huupenda sana siku ya kutangaza matokeo. Lakini msemo huo unamfunza mchache namna ya kuwakabili wengi, hausemi wengi wamfanyie nini mchache. Upande huo wa pili ndio kura ya maoni huuacha wazi.

Kura ya 4 Agosti 2010 ilikuwa ya rangi: kijani kwa ndiyo, nyekundu kwa la. Kijani ilishinda kwa karibu asilimia 69, na Pwani safari hii ilikuwa ndani ya kijani kwa wingi mkubwa. Nchini kwa jumla mambo yalikuwa shwari kuliko 2005. Lakini kwetu Mombasa jambo moja lilichoma: mahakama za kadhi. Makanisa mengi yalipinga katiba kwa sababu mbili, utoaji mimba na kadhi, na Mei mwaka huo majaji watatu wa Mahakama Kuu waliamua kwamba kadhi hafai kuwekwa katika katiba. Kwa Mwislamu wa Pwani kadhi hakuwa jambo jipya. Alikuwamo tangu enzi za Sultani wa Zanzibar, aliachwa pale Waingereza walipouchukua ukanda wa maili kumi kwa mkataba wa 1895, na kubakizwa kwake kulikuwa sehemu ya makubaliano ya 1963, ukanda huo ulipoingizwa Kenya. Kwa Mkristo aliyekuja Mombasa kutafuta kazi bandarini, ilisikika kama dini moja inapendelewa na serikali.

Sasa wachukue watu hao wawili uwaweke katika nyumba ya Kiswahili ya Majengo au Likoni, vyumba sita, ua mmoja, choo kimoja, mlango kwa mlango. Wamekopeshana chumvi miaka kumi. Kampeni inafika na kumwambia kila mmoja kwamba jirani yake anataka kumwondolea kitu. Wengi hawakuwahi kuambiwa kilichoandikwa katika kifungu cha 170: kadhi anahukumu mambo ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi peke yake, tena pale ambapo pande zote ni Waislamu na zimekubali kwenda mbele yake. Laiti sentensi hiyo moja ingesomwa uani kwa sauti, maneno mengi yasingetupwa. Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu niliwaona majirani waliohama.

Siku nne kabla ya kura yetu, tarehe 31 Julai 2010, Zanzibar walikuwa wamepiga yao. Na ile ni kura ya kusomwa na kila anayedhani kwamba referendamu lazima ipasue watu. Wazanzibari walikuwa wametoka mbali kwa shida. Januari 2001 waandamanaji waliuawa kwa risasi, na Wapemba zaidi ya 2,000 wakavuka bahari hadi Shimoni, hapa jirani, wakiwa wakimbizi. Novemba 2009 Rais wa Zanzibar Amani Karume na kiongozi wa upinzani, Maalim Seif Sharif Hamad, wakakaa wakazungumza, na kwa siri kiasi kwamba hata wafuasi wao walistuka. Ndipo wananchi wakaulizwa kama wanataka serikali ya umoja wa kitaifa. Asilimia 66.4 walikubali. Uchaguzi wa Oktoba mwaka huo ulipita kwa utulivu ambao visiwa havikuwa vimeuona tangu vyama vingi virudi.

Tazama mpango wa kazi ile. Mazungumzo yalitangulia, kura ikaja nyuma yake kuyatia muhuri. Na swali lilikuwa moja kweli. Hawakuulizwa mambo mia kwa neno moja. Sitaki kupamba: uchaguzi wa 2015 ulifutwa, umoja ukavunjika, na haukurudi hadi Desemba 2020. Kura iliwapa mlango, kukaa ndani ya nyumba ilikuwa kazi nyingine.

Uingereza walifanya kinyume chake. Tarehe 23 Juni 2016 waliulizwa wabaki Umoja wa Ulaya au watoke, na asilimia 52 wakasema watoke, dhidi ya 48. Karatasi haikusema watoke vipi: wabaki na soko la pamoja, au wakate kila kamba? Walichukua miaka mitatu na nusu kulijibu swali ambalo halikuulizwa, mawaziri wakuu wawili wakaondoka, na mwisho wakatoka Januari 2020 huku nyumba nyingi zikiwa na wazazi na watoto wasiosemezana. Scotland, iliyotaka kubaki, ilitolewa pamoja na wengine.

Je, basi bora watu wasiulizwe? Pwani tuna jibu letu, na si jepesi. Mwaka 1961 Sir James Robertson aliletwa kuangalia hatima ya ukanda wa mwambao. Kulikuwa na waliotaka mwambao ujitawale, na waliotaka uungane na Kenya. Alisikiliza, akaandika ripoti, akapendekeza muungano. Maoni yalikusanywa, kura haikupigwa. Zaidi ya miaka 40 baadaye maneno "Pwani si Kenya" yaliandikwa kwenye kuta za Mombasa, na kundi lililoyabeba, MRC (Mombasa Republican Council), likapigwa marufuku mwaka 2010 kabla ya Mahakama Kuu ya hapa kuiondoa marufuku hiyo 2012. Iwapo kura ingepigwa 1961, pengine jibu lingekuwa lile lile. Lakini mtu aliyeulizwa akashindwa, na mtu ambaye hakuulizwa kabisa, hawalali usingizi mmoja.

Baba na ami walisalimiana tena mwaka 2009, kwenye msiba wa shangazi. Baada ya mazishi walikaa mkekani, na ami akamuuliza kaka yake swali ambalo miaka minne hakuna aliyeliuliza: kwani wewe uliitakia nini ile Ndizi? Baba akasema ni kwa ajili ya sura ya ardhi, alidhani maskwota wa Pwani wangepata hati zao. Ami akasema yeye alilishika Chungwa kwa sababu rasimu ilikuwa imemtia kadhi katika kapu moja na mahakama za kila dini. Kadhi baba naye alimtaka, na ami naye hakuwa na hati ya kiwanja anachokikalia.

Agosti 2010 waliondoka nyumbani pamoja alfajiri, kwa miguu, kwenda kupanga foleni.